Vitabu vya siku za kiangazi

Shule zilipofungwa mwanzoni mwa mwezi wa saba, tulifunga mzigo wetu, nguo chache na vitabu vinne, tukaenda Kalemie kupumzika majuma matano kwa mzee mmoja aliyekuwa rafiki ya marehemu baba yetu. Mzee huyo alifanya kazi ya reli miaka mingi. Sasa amestaafu, naye ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Nyumba yake iko juu ya kilima kidogo, na ukikaa barazani unaona Ziwa Tanganika mpaka pale linapochanganyika na mbingu. Ng'ambo kuna Kigoma na Ujiji, lakini huzioni.

Tuseme tangu mwanzo kwamba sisi si wataalamu wa vitabu. Kazi yetu ni kufundisha watoto kuandika. Tukipata nafasi tunasoma yanayotupendeza, kisha tunawaambia wasomaji wetu yaliyotupata katika kusoma. Asiyekubaliana nasi atuandikie.

Vitabu vyenyewe tulivichukua bila mpango. Kimoja tulipewa zawadi, kimoja tuliazima, kimoja tulinunua Lubumbashi, na cha nne hakikuwa hata kitabu, bali karatasi tulizozitoa kwa intaneti na kuzishona kwa uzi. Hatukujua kwamba vitatu kati ya hivyo vingetupitisha njia ile ile moja, tena njia iliyopita karibu sana na baraza ile tuliyokalia.

Tuanze na kile kisichokuwamo katika hivyo vitatu, ili tumalize neno lake. Ni *Tram 83* cha Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi. Kilitoka mwaka 2014 kwa Kifaransa, kikasifiwa katika nchi nyingi. Tulikifungua kwa fahari, maana ni mtoto wa mji wetu. Habari zake ni za mji wa migodi, wa wachimbaji, wanafunzi, wageni wenye fedha na wasichana wa usiku, na wote wanakutana katika baa moja. Sentensi zinapigwa kama ngoma. Neno lile lile linarudi na kurudi, vitu vinapangwa mstari mrefu mpaka kichwa kinazunguka. Tulifika nusu tukakifunga. Hatusemi kwamba ni kibaya. Mwandikaji anajua sana anachofanya. Lakini sisi tulikuja Kalemie kutafuta utulivu, nacho kinapiga kelele kama stesheni siku ya garimoshi kuingia. Tena si kitabu cha kumsomea mzee mbele ya wajukuu wake. Tutakirudia Lubumbashi, mahali pake.

Kwa maana huko Kalemie tulisoma kwa sauti. Mwenyeji wetu alikuwa msomaji mkubwa zamani za reli, na sasa amebaki na masikio tu. Kila jioni, wajukuu wakiisha kuoga, alikaa katika kiti chake akasema, «Haya, mwanangu, leta maneno.» Nasi tulileta.

Kitabu cha kwanza tulichomletea kilikuwa *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip*. Jina hilo kila mtoto wa shule katika mashariki ya Kongo amelisikia, lakini si wengi wanaojua kwamba mtu huyo aliandika habari zake mwenyewe, tena kwa Kiswahili. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka 1837, akafa huko huko mwaka 1905. Katika uzee wake Mdachi mmoja, Heinrich Brode, alimshawishi aandike maisha yake. Aliandika kwa herufi za Kiarabu. Brode akayageuza katika herufi za kizungu, akayapiga chapa pamoja na tafsiri ya Kidachi, miaka ya 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley aliyatafsiri kwa Kiingereza, na kitabu tulichoazima kina lugha hizo mbili pamoja, Kiswahili na Kiingereza.

Tulitazamia mtu wa kujisifu. Shuleni tulifundishwa kwamba alikuwa adui mkubwa, ambaye Mfalme Leopold wa Pili alituokoa mikononi mwake. Kumbe ni Leopold huyo huyo aliyemweka kuwa gavana kwa mshahara mwaka 1887, pale Stanley Falls, ndipo Kisangani ya leo. Mambo hayo yote amo mwenyewe akiyasimulia: vita yake na Nsama wa Itabwa, nchi iliyo kati ya ziwa letu na ziwa Mweru, kukutana kwake na Livingstone, safari yake na Stanley kutoka Nyangwe kushuka mto. Wala hajivuni kama tulivyofikiri. Lugha yake ni kavu kama daftari ya duka. Walitoka mahali, wakafika mahali, chakula kilikuwa tele au hakikupatikana, walikaa miezi kadha, pembe zilipatikana za kutosha au hazikupatikana. Hasimulii mapambazuko wala milima. Moyo wake ulikuwaje, hasemi. Usiku wa kwanza tulimwambia mzee kwamba hiki ndicho Kiswahili ambacho tungependa wanafunzi wetu wajifunze, kisicho na neno hata moja la kujaza nafasi. Maneno hayo tulipaswa kuyapunguza baadaye.

Pembe anazihesabu kwa frasila, na frasila moja ni karibu kilo 16. Zilitoka Manyema na nchi za mbele yake, zikavuka ziwa, zikapita Tabora, zikafika pwani. Hapakuwa na motokaa wala reli. Zilikwenda juu ya mabega ya watu, lakini mabega hayo huyaoni kitabuni. Wapagazi wanatajwa kwa hesabu, na tena wanapotoroka, maana mpagazi akitoroka safari inachelewa. Zaidi ya hapo wanatembea kurasa zote bila uso.

Usiku wa nne tulifika penye habari ya Kasongo Rushie. Huyu alikuwa mtemi mzee wa Utetera, mwenye watu wengi na pembe nyingi. Tippu Tip, kabla hajafika kwake, alisikia hadithi: kwamba zamani wanawake wawili wa ukoo wa mtemi walitekwa vitani wakapelekwa mbali, wala hawakurudi, na kwamba mtemi hakuwasahau. Basi alishika hadithi hiyo akajifanya mjukuu wa mmoja wao. Bibi yake, alisema, ndiye yule aliyepotea, na yeye amerudi kwa ndugu zake. Mtemi mzee aliamini. Akafurahi, akampokea kama mtoto wa nyumba, akamwachia utawala na watu na pembe.

Tulicheka. Tusifiche jambo hilo: tulicheka kwa sauti, maana hila ni ya ajabu nayo imesimuliwa bila haraka, kama mtu anayejua kwamba wasikilizaji watacheka. Wajukuu nao walicheka. Mzee hakucheka.

«Rudia pale pa wale wanawake,» alisema.

Tulirudia. Alinyamaza kwa muda, kisha akatuambia jambo ambalo hatukulijua, ingawa tumekula nyumbani mwake tangu utoto wetu. Mama ya baba yake alifika Mtowa akiwa mtoto mdogo. Mtowa iko karibu tu na Kalemie, upande wa kaskazini, na huko ndiko misafara ilikopanda mitumbwi ya kwenda Ujiji. Mtoto yule aliugua, hakufaa kuvushwa, akaachwa ufukoni. Watu wa hapo walimlea. Alikumbuka kwamba kwao kulikuwa na mto mkubwa na kwamba mama yake alifuma mikeka. Jina la kijiji hakulijua, wala la ukoo. Alizeeka hapa, akazikwa hapa.

«Huyo bwana,» mzee alisema, «alijua kwamba mwanamke aliyetekwa ana kwao, na kwamba kwao wanamngoja. Alijua vizuri kabisa. La sivyo angewezaje kumdanganya yule mtemi?»

Hatukuwa na jibu. Tulifunga kitabu, na usiku ule hatukusoma tena.

Tumefikiri sana juu ya neno lile la mzee, nasi tunaliona kuwa ni hukumu ya kweli ya kitabu kile, kuliko dibaji zote tulizosoma. Ukavu tuliousifu una kazi yake. Mtu anayeandika kwamba alipata watu kadha na pembe kadha anaweza kuonekana kama asiyejua zaidi, kama mfanyabiashara wa zamani zake tu, aliyeona mambo jinsi wote walivyoyaona. Lakini ukurasa wa Kasongo Rushie unamshuhudia. Pale alipohitaji bibi, alipata bibi, mwenye jina na huzuni na ndugu wanaolia. Alipokwisha kupata pembe, bibi alitoka kitabuni. Kwa hiyo tunasema: msomaji akisome kitabu hiki, maana hakuna kingine kama hiki katika lugha yetu, na Kiswahili chake ni kizuri kweli. Ila asidanganyike kwamba mtu asiyejipamba ni mtu anayesema yote.

Kitabu cha pili kilikuwa *Peponi* cha Abdulrazak Gurnah. Mwandikaji huyu alizaliwa Unguja mwaka 1948, akahamia Uingereza akiwa kijana, na mwaka 2021 alipewa tuzo ya Nobel. Aliandika kitabu hiki kwa Kiingereza mwaka 1994. Ilipita karibu miaka 30 kabla Ida Hadjivayanis hajakitafsiri, nacho kilipigwa chapa Dar es Salaam mwaka 2022. Tafsiri hii ina jambo la kupendeza ambalo hupatikana mara chache. Gurnah alipoandika Kiingereza aliacha humo maneno mengi ya Kiswahili bila kuyaeleza, kama mnyapara au seyyid, nayo yalikaa kati ya Kiingereza kama wageni barazani. Sasa yamerudi nyumbani yakakaa na ndugu zao. Kweli, ni Kiswahili cha Unguja, na mara kadha tulisimama kuulizana maana. Mzee, aliyewahi kukaa Kigoma kwa kazi, alitusaidia.

Habari ni za Yusuf, mtoto wa miaka 12. Baba yake ana hoteli ndogo isiyoleta faida, naye anadaiwa na tajiri mmoja, Aziz, ambaye mtoto amefundishwa kumwita ami. Siku moja Yusuf anapandishwa garimoshi pamoja na ami yake. Anafikiri anakwenda kutembea. Kule pwani, kijana wa dukani, Khalil, anamwambia ukweli: Aziz si ami yake, na yeye Yusuf ametolewa rehani kwa deni la baba yake. Wasomaji wetu watakumbuka mara moja Yusufu wa kitabu cha Mwanzo, aliyeuzwa na ndugu zake. Gurnah anataka tukumbuke. Hata bibi wa nyumba anayemtamani kijana yumo. Lakini Yusufu wa Maandiko aliinuliwa, akawalisha ndugu zake wakati wa njaa. Yusuf huyu haendi mahali pa kuinuliwa.

Baadaye Aziz anamchukua katika msafara wa biashara kwenda bara, na hapo mzee wetu alikaa wima katika kiti. Maana msafara unafika ziwani, unavuka, na ng'ambo ile ya ziwa ndiyo huku kwetu. Watu wa msafara wanatuita washenzi. Tulisoma neno hilo mara nyingi, jioni baada ya jioni, tumekaa huku ng'ambo, tukitazama maji yale yale kutoka upande wa pili. Si jambo la kila siku kujikuta ndani ya kitabu maarufu kama mshenzi anayengojwa msituni. Wajukuu walianza kuitana hivyo wakati wa kula, na bibi yao akawakataza.

Je, Gurnah mwenyewe anatudharau? Hapana. Anaandika yale ambayo watu wale walifikiri, kisha anawapeleka mbele ya Chatu, sultani wa ng'ambo, ambaye anawakamata na kuwanyang'anya mali. Tena Chatu anapewa nafasi ya kusema. Anaeleza kwamba mfanyabiashara mmoja aliwahi kuja kwake, akamdanganya, akaenda zake na mali yake. Kwa nini basi asijilipe kwa hawa? Katika kitabu chote hatukupata sauti ya mtu wa bara iliyotupendeza kuliko hiyo. Hapo ndipo anapofika mzungu na askari wake, anamlazimisha Chatu kurudisha mali, na mara moja wote, wa pwani na wa bara, wanaona kwamba bwana mwingine amekuja. Kurasa hizo tuliombwa kuzisoma mara mbili. Tunasikitika tu kwamba Chatu anatokea kwa muda mfupi, na kwamba wengine wa ng'ambo tunawaona kwa mbali.

Wapagazi wa msafara huu angalau wana miili. Wanapigwa na mnyapara Mohammed Abdalla, wanaumwa, wanaogopa usiku, wanakufa, na Yusuf anaona, maana yeye mwenyewe ni kitu kilichowekwa rehani. Yupo pia mzee Hamdani, mtunza bustani ya tajiri. Alipewa uhuru akaukataa, kwa kuwa hakuona jinsi mtu anavyoweza kumpa uhuru mwingine, kana kwamba ulikuwa mali yake. Mzee wetu alimpenda sana Hamdani. Sisi tulikuwa na mashaka, maana mtu aliyekataa uhuru aliendelea kumwagilia maua ya bwana wake mpaka uzee, na neno zuri halikubadili siku zake. Tulibishana juu ya jambo hilo mpaka taa ikaisha mafuta.

Mwisho wa kitabu tulibishana zaidi. Askari wa Wadachi wanapita wakikamata watu kwa nguvu ili wawachukulie mizigo ya vita. Yusuf anajificha. Wanapoondoka, anatoka mafichoni na kuwakimbilia, kwa hiari yake. Kitabu kinaishia hapo. Sisi tuliona kwamba mwandikaji ametukimbia pamoja na kijana wake. Kurasa zote hizi tumemfuata mtoto huyu tukimwombea njia, kisha anakwenda kujitia mwenyewe katika kamba nyingine! Mzee hakukubali. Alisema kwamba kijana anayejua mlango mmoja tu hutoka kwa mlango huo, na kwamba katika ujana wake aliwaona wenzake wakiandikwa askari kwa namna hiyo. Mpaka leo hatujakubali kabisa. Labda tungekubali kama mwandikaji angetupa ukurasa mmoja zaidi.

Sasa zile karatasi za uzi. Ziliandikwa Elisabethville mwaka 1965, mwaka mmoja kabla mji haujaitwa Lubumbashi, na mtu aliyeitwa André Yav, kwa jina la chama cha watu waliokuwa zamani maboyi wa nyumba za wazungu. Jina lake ni *Vocabulaire de ville de Elisabethville*, lakini usitafute humo kamusi. Ni historia ya mji, tangu Msiri na Leopold na wazungu wa kwanza, kupita vita ya 1914-18, mpaka siku za mwandikaji. Iliandikwa kwa mashini, ikapita mikononi mwa watu wachache. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian aliitoa katika kitabu, akisaidiwa na Kalundi Mango, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Hapa tunapaswa kukiri jambo letu wenyewe. Karatasi hizi tulikuwa nazo zaidi ya mwaka mzima bila kuzisoma. Tulizifungua mara moja, tukaona Kiswahili kile cha Katanga, «ba» mahali pa «wa», maneno yaliyounganishwa yasiyopaswa kuunganishwa na yaliyokatwa katikati, nukta zikiwa popote au zisiwepo kabisa, tukazirudisha kabatini. Mkono wetu ulitafuta kalamu nyekundu. Kwa miaka mingi tumewakata watoto alama kwa maandishi ya namna hiyo. Tulizichukua Kalemie kwa ajili ya kujaza sanduku tu, hatukuwa na kitu kingine chembamba.

Jioni ya kwanza tulijaribu kuzisoma tukashindwa. Tulisoma jinsi tunavyosoma vitabu vyote, neno kwa neno, na kila sentensi ilitufia mdomoni. Mzee alivumilia kidogo, kisha akasema, «Acha kusoma, mwanangu. Sema tu zile herufi upesi, usisimame.» Tulifanya hivyo, bila kuelewa tunachokisema, na yeye, asiyeona herufi hata moja, alikuwa anaelewa. Alirudisha kila sentensi kwetu ikiwa nzima. Huyu anasema hivi. Hapa amekasirika. Hapa anacheka wazungu. Baada ya siku tatu sikio letu lilifunguka nasi. Baadaye tulikumbuka kwamba Kalundi Mango naye alipaswa kuyasoma maandishi hayo kwa sauti kabla hayajatafsiriwa, maana macho peke yake hayakutosha.

Kama kazi ya historia, maandishi ya Yav yana kasoro nyingi. Miaka inachanganyika, wafalme na mabwana wanakutana ambao hawakukutana, na hofu za mitaani zimewekwa pamoja na mambo yaliyotokea kweli. Anayetaka kujua tarehe aende kwingine. Mwalimu wa historia asiyapeleke darasani bila kuyaeleza. Tena anarudia sana, na katikati tulichoka.

Lakini sikiliza nani anayesema. Maboyi walikuwamo nyumbani. Walibeba masanduku ya bwana safarini, walipika, walifua, walisimama nyuma ya kiti wakati wa chakula, wakasikia yote yaliyosemwa mezani na watu waliofikiri kwamba boyi hana masikio. Yav anajua mshahara ulikuwa nini na posho ilikuwa nini. Anajua nani alitukanwa na nani alipigwa. Anawaita wazee wale kwa heshima, tena na tena, kama mtu anayehesabu jamaa zake ili asimwache mmoja nje. Tippu Tip alikuwa na wapagazi maelfu, na hatujui hata mmoja wao alifikiri nini juu yake jioni akitua mzigo. Gurnah, kwa ufundi wake mkubwa na huruma yake, alipaswa kubuni. Yav hakuwa na ufundi. Alikuwa na mashini ya kuandikia, na wenzake waliomwambia aandike.

Na lugha yenyewe aliyoiandika, ile tunayoitia nyekundu, ilifikaje kwetu? Ilikuja kwanza na watu wa misafara, kina Tippu Tip hao hao, ikaenea baadaye kwa kambi za migodi na za reli. Mzee wetu alijifunza hiyo stesheni, si shuleni. Tulimwuliza kama alikuwa akiona aibu nayo mbele ya Kiswahili cha Unguja cha *Peponi*. Alisema *Peponi* ni kizuri kama nguo ya Jumapili. Hatukumwuliza zaidi.

Hatujui bado tutakavyofanya na kalamu nyekundu mwezi wa tisa. Mtihani wa serikali hauulizi habari za Yav. Tutaendelea kusahihisha, hatuna budi. Lakini kuna kijana mmoja katika darasa letu ambaye mwaka uliopita aliandika insha juu ya baba yake mchimbaji, kurasa nne za Kiswahili cha namna ile ile, nasi tulimpa alama nne juu ya kumi bila kuifikisha mwisho. Daftari tunayo bado. Tutaisoma tena, kwa sauti.

*Maisha* ya Tippu Tip tumekirudisha kwa mwenyewe. *Peponi* kiko kwetu, na anayekitaka aje akiazime, ila tunaomba asikunje kurasa. Karatasi za Yav tuliziacha Kalemie. Siku ya kuondoka kwetu mzee aliomba zibaki. Mjukuu wake wa darasa la tano anamsomea kila jioni, upesi upesi bila kusimama, na ametuandikia kwamba wamekwisha kufika vita ya 14, na kwamba Babu anamkatiza kila mara kwa sababu ana la kuongeza.